RAM Nzima, Mazabodi Nzima

Fundi alichomeka RAM kwenye kompyuta yake mwenyewe, ile yenye prosesa ya AMD, iliyojaa vumbi chini ya meza, akabonyeza swichi. Skrini ikawaka. GB 4 zikaonekana zote. Akaizima, akaichomoa, akairudisha kwenye mashine ya mpwa wangu, akabonyeza tena. Feni zikazunguka, taa ya kijani ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Kispika cha ndani kikatoa mlio mrefu, kikanyamaza, kikarudia.

Akachukua RAM nyingine, ya zamani, GB 1, akaichomeka kwenye mashine hiyohiyo. Ikawaka bila ubishi.

"RAM nzima, mazabodi nzima," akasema huku akijifuta mikono. "Hazipatani tu, mzee."

Mpwa wangu akanigeukia mimi, si fundi. "Mjomba, sasa vitu viwili vizima vinashindwaje?"

Pale pale sikuwa na la kumjibu, na swali lile limenikera kwa wiki kadhaa. Sisi tunaochokonoa kompyuta tumezoea kwamba kitu ama kinafanya kazi ama kimekufa. Ukienda Kariakoo kutafuta RAM ya mashine ya zamani unaulizwa mawili: DDR ngapi (yaani RAM ya kizazi gani), na GB ngapi. Ukitaja na spidi unaonekana mjuaji. Muuzaji anakupa, anakwambia "ikigoma rudisha", biashara imeisha. Na mara nyingi haigomi, ndiyo maana hatuendi mbali zaidi ya hapo.

Ila mpwa wangu hakuwa anaongeza RAM tu. Alitaka kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa zaidi ya mwendo wake wa kiwandani.

Na kwenye kuovakloki, uzima wa kila kifaa peke yake hautoshi hata kidogo.

## Mashine yenyewe

Ni ya zama za Core 2, prosesa za Intel za miaka ile. Prosesa ni Q6600, kori nne, 2.4 GHz, ambayo Intel waliitoa Januari 2007. Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, ina chipuseti ya P45, chipu inayounganisha prosesa na RAM, ya mwaka mmoja baadaye, na nafasi nne za DDR2. Ilikuja kwenye shehena ya mtumba, na kwa umri wake iko safi kuliko mashine nyingi nilizofungua mwaka huu.

Kijana anahariri video za harusi na send-off. Mashine mpya hawezi kuinunua kwa sasa. Mpango wake ulikuwa aongeze RAM kwanza, kisha aisukume prosesa hadi 3.0 GHz. Akaagiza mtandaoni, kutoka China, vipande viwili vya GB 4 kila kimoja, kwa bei iliyomfanya anipigie simu usiku kunieleza.

Bei ile ndiyo ingetushtua, maana DDR2 ya GB 4 kwa kipande kimoja si kitu cha kuokota. Huwa ni ghali kuliko DDR3 ya ujazo uleule, kwa kuwa zilitengenezwa chache.

## Chipu 16 na chipu 16

Nilizilaza mezani RAM mbili. Moja ni Samsung ya GB 2, imetoka kwenye kompyuta ya ofisi. Nyingine ni ile mpya ya GB 4 isiyo na jina. Zote zina pini 240. Pengo liko mahali palepale. Zote zina chipu nane mbele, nane nyuma. Ukiziangalia haraka utasema ni mapacha.

Lebo ya Samsung inasomeka hivi: 2GB 2Rx8 PC2-6400U-666-12-E3.

Wengi wetu tunasoma "2GB" tunaishia hapo. Lakini mstari ule umejaa habari. PC2 ni DDR2. 6400 ni megabaiti kwa sekunde: mapigo milioni 800 mara baiti 8. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta za mezani, si ya seva. 666 msiiogope, ni namba za kuchelewa tu, mizunguko sita ya kusubiri kwa kila hatua kati ya hatua tatu za kufikia data.

Kilichonishika ni 2Rx8.

Njia ya kupitisha data ya RAM ina upana wa biti 64. Kila chipu ya Samsung ile inatoa biti 8 kwa mkupuo, kwa hiyo chipu nane zinatosha kujaza njia. Chipu 16 ni safu mbili zinazopokezana: nane zikifanya kazi, nane zinasubiri. Hiyo ndiyo 2R, safu mbili.

RAM ya GB 4 haikuwa na mstari huo. Tukaisoma kwa programu ya SPD kwenye kompyuta ya fundi, maana kila RAM inabeba kijichipu kidogo chenye maelezo yake, na hicho ndicho BIOS, programu ya ndani ya mazabodi, inachokisoma mashine inapowaka. Jibu: safu moja, upana wa chipu biti 4.

Biti 4 mara chipu 16 ni 64. Zote kumi na sita zinafanya kazi kwa pamoja. Idadi ileile ya chipu, umbo lilelile, lakini mpangilio wa ndani ni mwingine kabisa. Chipu za namna hii kwa kawaida hupatikana kwenye RAM za seva. Mtu kazichukua, kazipanga kwenye RAM ya mezani, kaiuza kwa bei ya kutupa.

Tofauti si ya kinadharia. Chipu ya gigabiti 2 yenye upana wa biti 8 inahitaji biti 10 kutaja safuwima ya data unayoitaka. Ile ya upana wa biti 4 inahitaji 11. Kidhibiti cha RAM ndani ya chipuseti za Intel za mezani za wakati ule kiliandikiwa chipu za biti 8 na 16 tu. Cha AMD kiliweza zote.

Mpwa wangu akafungua tena tangazo alilonunulia. Chini kabisa, baada ya picha zote: kwa mazabodi za AMD pekee.

Hapo nikaelewa kwa nini kipimo cha fundi kilitupotosha. Alipima RAM kwenye mashine ya AMD, na AMD walikihamishia kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa tangu 2003. Intel hawakufanya hivyo hadi 2008, Core i7 za kwanza zilipokuja. Kwenye Core 2 kidhibiti bado kiko kwenye mazabodi, ndani ya ile chipu yenye kipande cha alumini juu yake karibu na prosesa. Kwa hiyo pale kwa fundi RAM ilikuwa ikizungumza na prosesa. Kwa mpwa wangu ilitakiwa izungumze na mazabodi. Kuwaka kule hakukuwa ushahidi wa chochote huku.

Tangu siku hiyo nikitaka RAM ya mashine ya zamani nageuza kipande nisome maandishi ya kwenye chipu yenyewe, si lebo peke yake. Kwa Samsung ni rahisi: K4T2G084 ni gigabiti 2, na hiyo 08 ni upana. Ukikuta K4T2G044, hiyo ni ya biti 4. Rudisha kabla hujatoa pochi. Wenye mazabodi za G41 za DDR3 wana kisa chao kinachofanana: chipuseti ile haijui chipu za zaidi ya gigabiti 2, kwa hiyo RAM ya GB 4 yenye chipu nane itagoma, ya chipu 16 itakubali. Muuzaji atakwambia zote ni "DDR3 ya GB 4", na hatakuwa amedanganya.

## Prosesa ikikimbia, RAM inaburutwa

Tukapata vipande vinne vya GB 2, vyote 2Rx8, vyote vya 800. Mashine ikawaka, GB 8 zikaonekana. Kijana akaanza kuisukuma.

Q6600 inapata mwendo wake kwa kuzidisha. Kuna FSB, njia kati ya prosesa na chipuseti, inayopiga 266 MHz. Ndani ya prosesa kuna namba 9. 266 mara 9 ni kama 2,400, hiyo ndiyo 2.4 GHz. Ile 9 imefungwa kwa juu: unaweza kuishusha hadi 6, huwezi kuipandisha. Kwa hiyo mlango pekee ni kuongeza FSB.

Na RAM nayo inapata mwendo wake kutoka FSB hiyohiyo. Hili ndilo jambo ambalo watu wa mashine mpya hawalioni. Leo, ukiwa na prosesa iliyofunguliwa, unapandisha kizidishi na RAM haijui kitu. Kwenye Core 2 hakuna anayekimbia peke yake.

Mpwa wangu alipandisha taratibu, kama alivyosoma. Akafika 320. Prosesa ikawa 2.88 GHz, Windows ikafunguka, joto likawa la kuvumilika. Akafurahi. Akapeleka video ya harusi ikatengenezwe usiku.

Asubuhi video ilikuwa imekamilika. Hakuna skrini ya bluu wala ujumbe wa kosa. Lakini kwenye kukata keki, kwa chini ya sekunde moja, nusu ya picha ilikuwa ya kijani.

Akaitengeneza upya. Kijani kikahamia kwenye nasaha za mama mkwe.

Alichofanya ndicho wanachofanya karibu wote: akaona prosesa inachoka, akaiongezea volti. Joto likapanda, kijani kikabaki. Akaongeza tena. Ndipo akanipigia.

Nilimwomba asinisomee kitu kingine chochote kwenye BIOS ila mstari wa mwendo wa RAM.

"Imeandika 960, mjomba."

RAM za 800. Uwiano wa awali ulikuwa tatu kwa moja: 266 mara 3 ni 800. FSB ilipofika 320, uwiano haukubadilika, ikawa 320 mara 3. Hakugusa RAM hata mara moja, na bado aliiovakloki kwa asilimia 20, juu zaidi ya mazoea yake yote, kwa volti 1.8 zilezile za kawaida. Prosesa aliyokuwa anaiunguza kwa volti haikuwa na kosa lolote.

Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikathibitisha kabla chai haijapoa. Mistari myekundu ilijaa.

## Kushusha ili kupanda

Kumshawishi ashushe RAM ilikuwa kazi kuliko yote yaliyotangulia.

"Nimenunua za 800, kwa nini niziendeshe kwa 667?"

Swali zuri, na mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza miaka ile, sikupata mtu wa kulijibu kwa namba. Nikachukua kalamu.

FSB ya 266 inapiga mara nne kwa kila mzunguko, ndiyo maana wanaiandika 1066. Upana wake ni baiti 8. Kwa hiyo kati ya prosesa na chipuseti hupita GB 8.5 kwa sekunde, basi. Upande wa pili, RAM za 800 zikifungwa kwa njia mbili zinatoa GB 12.8 kwa sekunde. Yaani tangu siku ya kwanza, kabla hujagusa chochote, RAM ina uwezo ambao prosesa haiufikii. Ni sawa na kuongeza mabasi upande wa Kigamboni huku kivuko ni kilekile.

Sasa panda hadi FSB 333. Hiyo ni 1333 mara baiti 8: GB 10.7 kwa sekunde. Na RAM ya 667 kwa njia mbili ni mara mbili ya 5.3, ambayo ni GB 10.7.

Zinalingana.

Huo ndio uwiano wa moja kwa moja, 1:1, ambao watu wa Core 2 walikuwa wakiuimba. Miaka mingi nilidhani ni mazoea tu. RAM ikizidi hapo bado inasaidia kidogo, kwa sababu kusubiri kunapungua, lakini si kwa kiasi ambacho mtu anayehariri video atakigundua bila saa ya kupimia.

Kuna jambo la pili lililonifurahisha zaidi. P45 imeandikiwa rasmi FSB ya 1333. Kwa chipuseti ile, 333 si ovakloki. Ni mwendo wake wa kazini. RAM za 800 zikienda 667 ziko chini ya lebo yao. Anayesukumwa kati ya watatu ni prosesa peke yake, na Q6600 kufika 3.0 kwa 333 mara 9 ni jambo ambalo nyingi zao zimelifanya tangu zikiwa mpya.

Tukarudisha volti za prosesa karibu na za kiwandani. FSB 333, RAM 667. Mistari myekundu ikakoma.

Kijana alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo nilipandisha kitu kisichotakiwa."

Kwa hakika hakukipandisha. Mashine ilimpandishia.

## Namba ambazo BIOS haikuambii

Ukifikiri hapo pamekwisha, subiri.

Ndani ya chipuseti kuna mpangilio mwingine unaoitwa strap. Kwa maneno ya kawaida ni dhana ambayo chipuseti inaishi nayo kuhusu prosesa iliyopo: ya 200, ya 266, ya 333 au ya 400. Dhana hiyo ndiyo inayoamua uwiano upi wa RAM uonekane kwenye menyu, na chipuseti yenyewe isubiri mizunguko mingapi kabla ya kupokea data kutoka RAM. Ukiiacha kwenye 266 huku FSB imefika 333, chipuseti inajibana kwa ratiba ya mwendo mdogo huku ikikimbizwa. Ukiipeleka 333, inajipa nafasi.

Ndiyo maana utakuta mazabodi inagoma kwenye mwendo fulani, na ukiruka hatua chache juu inakubali. Mtu anaona uchawi. Mazabodi nyingi kwenye "Auto" hubadilisha ratiba hizi kimyakimya ukivuka namba fulani, kwa hiyo namba ya juu inaweza kuwa nyepesi kuliko ya chini yake.

Ushauri wangu kuhusu Auto kwenye mashine hizi ni mfupi: usiiamini kwenye RAM. Andika mwenyewe uwiano, andika namba nne za kuchelewa, andika volti. Si kwa sababu wewe ni mjanja kuliko BIOS. Ni kwa sababu unapobadilisha kitu kimoja unataka vingine vyote vitulie.

Volti nazo zina vituko. DDR2 kwa kiwango cha kawaida ni 1.8. Lakini RAM zilizouzwa kwa wapenda mwendo, zile zenye mabati ya rangi na lebo ya 1066, nyingi zilihitaji 2.1 ndipo zifike huko. Ukizichomeka, mazabodi inazipa 1.8, nyingine zinagoma kuwaka. Na bila kuwaka huingii BIOS kuongeza volti. Dawa yake ni ya kizamani: waka kwa kipande cha kawaida, weka volti, hifadhi, zima, kisha badilisha. Nimeona RAM nzima kabisa zikitupwa kwenye ndoo ya taka kwa kukosa hatua hiyo.

Na vipande vinne ni vizito kuliko viwili. Vinne vya 2Rx8 ni safu nane zinazoning'inia kwenye kidhibiti kimoja. Kama lengo ni mwendo, viwili ni bora. Kama lengo ni GB, kubali kupunguza mwendo. Mpwa wangu anahitaji GB.

Orodha za RAM zilizopimwa ambazo watengenezaji wa mazabodi walikuwa wakizitoa? Kwa mashine za umri huu zimebaki kama kumbukumbu. Modeli zilizomo hazipo tena sokoni, na hata zikiwepo, kiwanda huweza kubadilisha chipu za ndani huku jina la nje likibaki lilelile. Isome, ila usome na chipu.

## Kosa lisilopiga kelele

Kinachonisumbua zaidi katika habari hii yote ni ile nusu ya picha ya kijani.

Prosesa ikizidiwa, mara nyingi inaanguka mbele ya macho yako: mashine inazima, au skrini ya bluu. RAM ikizidiwa inaweza kukupa jibu lisilo sahihi na ikaendelea na kazi. Kompyuta zetu za mezani hazina RAM ya kujikagua kama za seva. Biti moja ikigeuka, hakuna wa kuuliza. Ikigeuka kwenye picha unaona kijani. Ikigeuka kwenye faili unalolihamisha kutoka kadi ya kamera kwenda diski, huoni kitu, hadi siku mteja anapokuja kudai video yake na faili halifunguki. Harusi hairudiwi ili upige picha upya.

Kwa hiyo mimi sikubali neno "imetulia" kwa sababu tu Windows imefunguka. Memtest86+ usiku mzima, ndiyo. Lakini na Prime95, programu ya kuibebesha mashine kazi nzito, kwenye hali ya kuchanganya prosesa na RAM, tena mchana, siyo saa kumi alfajiri. Dar mwezi wa Februari chumba cha bati bila kiyoyozi kina joto ambalo mwandishi wa mwongozo aliyekaa Ulaya hakulifikiria, na chipuseti ya P45 haina feni yake. Kilichopita usiku kinaweza kuanguka saa nane mchana.

Kipimo cha tatu ninachokipenda hakihitaji kupakua chochote. Chukua folda kubwa la video, linakili kwenda diski nyingine, kisha pima faili moja moja pande zote kwa certutil -hashfile ukimalizia na SHA256. Mistari ikifanana, sawa. Ikitofautiana hata herufi moja, shusha mwendo, usijadiliane nayo.

## Ilistahili?

Nimelizungusha swali hili, na jibu langu halijakaa sawa mpaka leo.

Kutoka 2.4 hadi 3.0 ni asilimia 25. Video iliyokuwa ikichukua dakika 60 inaweza kushuka hadi 48, kama kila kitu kinategemea prosesa. Kwa kijana mwenye harusi mbili kila wikendi hizo dakika zina maana. Kwa mtu wa barua na mtandao hazina maana yoyote, na angefaidika zaidi na SSD, diski ya chipu isiyozunguka, hata kama SATA, njia ya diski ya mazabodi hii, inaishia megabaiti 300 kwa sekunde. Mpwa wangu nilimlazimisha anunue SSD kabla ya yote. Alikiri mwenyewe kuwa hiyo ndiyo aliyoihisi mkononi.

Halafu kuna ukuta ambao hakuna ovakloki ya kuuvunja. Windows 10 iliacha kupata msaada Oktoba 14, 2025. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kabisa kwenye Core 2, kwa kuwa inahitaji amri ya POPCNT ambayo Intel waliileta na Core i7 za 2008. Unaweza kuikimbiza Q6600 hadi moshi utoke, amri hiyo haimo. Mashine ya mpwa wangu inakaa bila mtandao, kazi inaingia kwa kadi na kutoka kwa diski, na kwa mpangilio huo naona ina miaka kadhaa bado. Yeyote anayetaka kuitumia kwa benki na barua pepe nitamwambia aweke Linux au aachane nayo.

Kama pesa ipo, kompyuta ya ofisini yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, isiyoguswa, itaipita hii iliyosukumwa, na kwa umeme kidogo zaidi. Hilo nilimwambia siku ya kwanza. Alinijibu kwamba pesa ikiwepo ataninunulia na mimi.

Juzi ameniuliza kuhusu 400 mara 8. Kwenye karatasi inavutia: prosesa 3.2 GHz, uwiano 1:1, RAM inatua kwenye 800 ya lebo yake barabara. Lakini safari hii anayesukumwa anageuka kuwa mazabodi, kwa sababu FSB itasoma 1600 wakati chipuseti imeandikiwa 1333. Na Q6600 kwa ndani ni vipande viwili vya kori mbili mbili vilivyofungwa kwenye kasha moja, vyote vikining'inia kwenye FSB hiyohiyo, ndiyo maana prosesa za kori nne za kizazi hicho hukwama mapema kuliko za kori mbili. Tutajaribu msimu wa harusi ukiisha, kwa vipande viwili vya RAM badala ya vinne, kifeni kidogo kikiwa kimefungwa juu ya chipuseti, na diski ya kazi ikiwa imechomolewa.